Kuvika Ubao: Vinia, Gundi na Pasi ya Makaa

Katika mji wetu wa Kasongo hakuna mtu anayeona haya kuvaa kanzu safi juu ya fulana iliyotoboka, wala hakuna anayemwita mwenziwe mwongo kwa kufanya hivyo. Lakini ukimwambia mtu huyohuyo kwamba meza aliyoiegemea imevikwa ngozi nyembamba ya mvule juu ya ubao wa mti usio na jina, ataondoa viwiko vyake na kukutazama kwa jicho la shaka, kana kwamba umemuuzia chumvi iliyochanganywa na mchanga. Lawama hiyo nimeisikia barazani kwangu mara nyingi, tena vinywani mwa watu ninaowastahi, na sikupata kuijibu kwa maneno ila kwa kuwaita waone jinsi kazi yenyewe inavyofanywa. Na kwa kuwa si kila msomaji awezaye kufika barazani kwangu, nimeona vema niieleze hapa, pamoja na makosa yangu, ili mwenye gundi, pasi na subira apate kuijaribu kwake.

Ngozi hiyo ya mti huitwa vinia, na mafundi wetu waliofunzwa kwa Kifaransa huiita plakaji. Ni mbao halisi, iliyochanwa kiwandani kwa kisu kipana kutoka katika gogo lililolainishwa kwa maji moto au mvuke, na unene wake wa kawaida ni milimita 0.6, yaani karatasi kumi na sita zikipandana hazitimizi sentimita moja. Wala si hila ya zama zetu. Katika kaburi la Rekhmire, waziri wa Firauni, huko Thebes ya Misri, lililochorwa takribani miaka 3,400 iliyopita, wanaonekana maseremala wakibandika ubao mwembamba wa mti wa thamani juu ya ubao wa kawaida, na karibu yao chungu cha gundi kimetelekwa motoni. Na vyombo vilivyotolewa katika kaburi la Tutankhamun, lililogunduliwa mwaka 1922, vingi vimepambwa kwa vipande vyembamba vya mpingo na pembe za ndovu vilivyogundishwa juu ya mbao nyingine. Watu wale hawakuwa mafukara. Walijua tu kwamba mpingo umewafikia kwa safari ndefu kutoka kusini, na kwamba kuuficha ndani ya unene wa meza, mahali ambapo jicho halifiki, ni israfu.

Nasi watu wa Kasongo tusijifanye wageni wa samani nzuri. Majeshi ya Dhanis, kamanda Mbelgiji, yalipouingia mji wetu wa zamani, Aprili 1893, daktari Mwingereza aliyefuatana nayo, Sidney Hinde, alistaajabia aliyoyaona majumbani, vitanda vya nakshi, magodoro ya hariri na vyandarua vyake, akayataja katika kitabu alichokitoa mwaka 1897. Enzi ile msitu ulikuwa karibu na mikono ya kazi haikulipwa ujira, kwa kuwa wengi wa wenye mikono hiyo walikuwa watumwa, na mimi siwezi kuusifu uzuri wa vitanda vile bila ya kuwakumbuka waliobeba magogo yake. Leo mvule, ambao wengine huuita kambala, hukatwa mbali zaidi kila mwaka, na ubao mmoja mzuri husukumwa juu ya baiskeli katika njia ya Kabambare ambayo masika huigeuza tope la magotini, hata ukifika mjini bei yake imekwisha kupanda kama homa. Mwenye kuupata ubao huo akautumia wote kwa meza moja ana haki yake. Lakini mwenye kuvika meza, kabati na milango miwili kwa kiasi cha mti ambacho kingetosha mguu wa meza, huyo simwiti mwongo.

Karatasi za vinia hazionekani kila siku katika soko la Kasongo, na huko Kabambare ni adimu zaidi. Mwenye jamaa Kindu, Bukavu, Uvira au ng'ambo ya mpaka Bujumbura humwagiza, akamsihi asizikunje bali aziviringishe kwa ulegevu juu ya bomba pana, maana vinia iliyokunjwa hupasuka kwa kufuata nyuzi zake. Asiye na wa kumwagiza ana njia ya pili, nayo ndiyo niliyoianzia mimi: tripleksi kuukuu. Mlango wa kabati lililovunjika au kasha la bidhaa, ukiyatazama ukingoni, utaona kwamba si chochote ila vinia zilizopandana, na zile zilizoungwa kwa gundi ya matumizi ya ndani huachiana zikilazwa katika maji moto usiku kucha, hata asubuhi ukaweza kuziambua kwa kisu butu kama mtu anavyoambua ganda la muhogo uliolowekwa. Tripleksi yenye mistari ya gundi nyekundu inayokaribia weusi imetengenezwa istahimili mvua, usijisumbue nayo. Ulizoziambua uzikaushe taratibu kati ya mbao mbili zilizonyooka, kila moja ikiwa na karatasi kavu chini na juu, karatasi ambazo unazibadilisha kila siku, na mawe yakizikandamiza. Ukizianika juani zitajikunja kama majani ya tumbaku.

Ubao wa chini ndio batini ya kazi yote, na ajabu ni kwamba wanaoisingizia vinia uongo ndio wasioujali ubao huo. Kwanza uwe mkavu. Mbao zinazouzwa kando ya njia mara nyingi zina maji ya mti bado, na njia nyepesi ya kuzijua kavu na mbichi ni kuuazima mzani wa mchuuzi wa mchele: upime ubao leo, uupime tena baada ya wiki, na baada ya wiki nyingine, na usipoona uzito ukishuka tena, ndipo uuingize kazini. Pili uwe sawa, kwa kuwa vinia ni nyembamba mno hata haiwezi kuficha siri ya mtu. Tundu la msumari, fundo lililobonyea, alama ya randa iliyoruka, vyote vitachomoza juu yake baada ya miezi michache kama mbavu chini ya shuka. Ziba matundu kwa unga wa mbao uliokandwa kwa gundi, piga msasa, kisha ukwaruze uso mzima kwa meno ya msumeno uliokufa, ili gundi ipate mahali pa kushika. Tatu, usiwe na mafuta. Nalitaja hili kwa kuwa tunakaa katika nchi ya mawese, na mkono uliotoka kula ukaupapasa ubao huacha doa ambalo jicho halilioni na gundi hailisamehi. Ikiwa ubao wa chini ni mbao nzima, ulaze vinia nyuzi zake zifuate nyuzi za ubao, ili vikitanuka na kusinyaa viende pamoja. Ikiwa ni tripleksi, nyuzi za vinia zikatize zile za uso wa tripleksi.

Na uvike pande zote mbili. Meza yangu ya kwanza niliivika juu peke yake, nikijisemea kwamba chini hakuna atakayeinama kuangalia, na katika miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, ilikaa imenyooka nikajivunia. Mvua za Septemba zilipoanza, upande wa chini uliokuwa uchi ukanywa unyevu na kutanuka, upande wa juu uliofungwa na gundi usiweze kuufuata, meza ikajipinda kama mtumbwi hata chai iliyomwagika pembeni ikawa inakimbilia katikati. Kwa chini si lazima mvule, vinia yoyote hafifu itatosha, mradi unene wake ukaribiane na ule wa juu.

Gundi inayotumika ni ile nyeupe ya mbao, ambayo madukani wengi huiita kole, na siri yake ni kwamba ikikauka haifi: ukiipasha moto hulainika tena na kunata, na ikipoa hushika. Si kila gundi ya chupa nyeupe ina tabia hiyo, kwani zile zilizotiwa dawa ya kuzuia maji nyingine hukauka moja kwa moja zisilainike vizuri tena. Basi, kabla ya kuipaka meza nzima, jaribu kwanza juu ya kipande kidogo cha taka. Paka ubao wa chini, paka na mgongo wa vinia, safu nyembamba na sawasawa. Mgongo wa vinia ukilowa utaanza kujikunja mara moja, kwa hiyo uifute kwanza sura yake ya nje kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu, pande zote mbili zilowe kwa kiasi kimoja, kisha uilaze juu ya vijiti na kuizuia pembeni. Acha gundi ikauke hata weupe wake wa maziwa utoweke ukaona nyuzi za mti kama kwa kioo, na kidole kikigusa kisinase. Kiangazi saa moja hutosha. Masika nimepata kungoja tangu asubuhi hadi alasiri. Ubao wa chini hunywa gundi kwa uchu, basi upake mara ya pili, na ungoje tena. Kisha usiilaze kazi hiyo wiki nzima, bali uibandike siku ileile au ya pili yake.

Hapa tunaifikia pasi, na hapa ushauri ulioandikwa kwa ajili ya watu wa miji mikubwa hautufai, kwa kuwa huko wanasema zungusha kitufe uweke kiasi cha joto, na sisi kitufe hatuna. Pasi ya umeme hutaka wati elfu moja au zaidi, kiasi ambacho paneli ndogo za jua zilizo juu ya mabati yetu haziwezi kukitoa, na jenereta ya kukodi huitia kazi gharama isiyostahili. Tunabaki na pasi ya makaa, yenye mfuniko wa bawaba na jogoo wake mbele, ambayo mama zetu walinyoosha kanzu za Idi kwayo. Na mimi nasema bila ya kuona aibu kwamba kwa kazi hii ni bora, kwa sababu ni nzito, na uzito wake hufanya nusu ya kazi ya mkono.

Makaa yawe ya mti mgumu, yawashwe nje hata moshi wote uishe na kila kipande kiwe chekundu chini ya majivu yake, ndipo yaingizwe ndani ya pasi. Usifanye kazi hii katika chumba kilichofungwa, maana hewa ya makaa huua mtu pasipo kumwamsha. Baraza ndipo mahali pake. Joto lipime kwa tone la maji chini ya pasi: likifuka taratibu bila ya sauti, pasi ni baridi, likilia na kutoweka papo hapo, pasi iko tayari, likijikusanya na kuchezacheza kama shanga juu ya sinia, pasi imepita kiasi, uiache mfuniko wazi ipoe. Kisha ufute chini yake juu ya jani la mgomba kama ifanywavyo kwa nguo, na uifute tena kwa kitambaa kikavu. Usiipepee wakati iko juu ya kazi, kwani majivu na cheche hutoka matunduni, na cheche moja iliyoniangukia juu ya vinia safi ya mvule iliniachia nukta nyeusi ambayo wageni huidhania kuwa ni fundo la mti, nami sijawasahihisha.

Kati ya pasi na vinia lazima iwepo karatasi, nayo bora ni tabaka ya kati ya mfuko wa saruji, ile ya rangi ya khaki ambayo haikugusana na saruji wala na vumbi la njia. Gazeti usilitumie, kwa kuwa joto huhamisha wino wake, na utakuta habari za mwezi uliopita zimeandikwa kinyumenyume juu ya kabati lako. Dakta Livingstone, alipoishiwa na karatasi katika safari zake za Manyema mwaka 1871, aliandika shajara yake juu ya gazeti kuukuu kwa wino alioupika kwa mmea wa huku kwetu, na gazeti likamfaa sana, wewe halikufai.

Vinia uliyoikata uiache izidi ubao kwa sentimita moja kila upande. Ilaze mahali pake ikiwa kavu, gundi juu ya gundi, uipapase ikae, uiangalie kwa kuizunguka, kwa kuwa bado unaweza kuisogeza na baada ya hapo hutaweza. Anza kupiga pasi katikati, ukienda kwa kufuata nyuzi kuelekea nje, polepole, kwa mwendo wa mtu anayepiga pasi kanzu nzito yenye mikunjo ya sanduku. Mahali pamoja pasi ikae kwa muda wa kuhesabu hadi sita au saba bila haraka, ndipo isogezwe nusu ya upana wake.

Sasa naomba msomaji asimame hapa pamoja nami, kwa sababu katika watu kumi walioshindwa na kazi hii mbele ya macho yangu, tisa walishindwa hapa. Wanadhani pasi ndiyo inayobandika. Pasi haibandiki kitu. Pasi huilainisha gundi tu, na gundi iliyolainika haina nguvu kuliko uji. Kinachobandika ni kupoa, na kupoa kwenyewe kunataka kushikiliwa. Kwa hiyo mkono wa kulia unapoondoa pasi, mkono wa kushoto uwe na kipande cha mti mgumu, kirefu kama kiganja, kilichopigwa msasa kingo zake zisikwaruze, nao ufuate mara moja pale pasi ilipotoka, ukikandamiza kwa uzito wa bega na kukisukuma kutoka ndani kwenda nje, hadi uhisi joto linakwisha chini ya mkono. Mwenye msaidizi na amkabidhi kipande hicho, lakini amchague asiye na haraka. Mimi msaidizi wangu ni mjukuu wangu wa kike mwenye miaka tisa, na alinishinda tangu siku ya pili, kwa sababu nilipokuwa najisikia nimechoka nikalegeza mkono, yeye aliuliza, "Babu, bado kuna moto hapa, mbona unaondoka?"

Ukimaliza, gonga uso mzima kwa ukucha na usikilize. Palipokamata pana sauti ngumu na fupi. Palipo na hewa chini pana sauti kavu, mfano wa ganda la karanga. Papige pasi tena, na safari hii ulaze juu yake jiwe au pasi nyingine iliyo baridi hata papoe kabisa. Pakiendelea kulia vilevile, hapo gundi haikufika: chana kwa wembe kufuata nyuzi, ingiza gundi kwa ncha ya kijiti au kwa bomba la sindano lisilo na sindano, futa ya ziada, ungoje ikauke, kisha upige pasi. Mchano uliofuata nyuzi hutoweka. Mchano uliokatiza nyuzi utauona maisha yako yote.

Karatasi mbili zikihitaji kukutana katikati ya meza, kuna mtego. Joto hufukuza unyevu katika vinia, na vinia inayokauka husinyaa kwa upana wake, hivyo kingo mbili zilizokutana vema asubuhi zitaacha ufa jioni. Basi bandika karatasi zote mbili isipokuwa upana wa vidole vitatu kila upande wa kiungo, moja ikiilalia nyingine kidogo, uziache zipoe na kutulia kwa saa kadhaa; baadaye weka rula ya chuma, kata zote mbili kwa pamoja kwa wembe mpya, ondoa vipande vya ziada, ndipo ufunge kiungo kwa pasi ya haraka na mkandamizo mrefu. Na ikiwa karatasi zako zilitoka katika gogo moja zikifuatana, zifunue kama kurasa za kitabu, ili michirizi ya kulia iwe kivuli cha ile ya kushoto. Huo ni uzuri ambao ubao mzima hauwezi kukupa, na ndiyo hoja ninayowapa wale wa jicho la shaka, nao hunyamaza kidogo.

Mabaki yaliyozidi pembeni usiyavunje kwa mkono. Pindua ubao kichwa chini juu ya meza safi, ukate kwa kisu kikali kidogo kidogo, kisha umalizie kwa msasa uliofungwa juu ya kibao, ukisukuma daima kuelekea chini na ndani, kamwe usivute kwenda juu, maana kuvuta huing'oa vinia. Zamani pwani, na hata huku, kazi ya kulainisha ilifanywa kwa majani makavu ya mti wa msasa, ambao karatasi ya dukani imerithi jina lake. Mti huo bado unaota kwetu, na kwa kumalizia kingo laini mimi naupendelea kuliko karatasi, kwa kuwa haukwaruzi na haununuliwi.

Kingo za ubao, ambazo zikiachwa uchi ndizo humtolea mtu siri yake, zina dawa ya ajabu isiyohitaji vinia ya kiwanda. Chukua ubao wa mvule ulio mwembamba na mrefu, unoe randa hata inyoe nywele za mkono, uifungue mdomo itoe takataka nene kidogo, kisha upige mwendo mmoja bila kusita tangu mwanzo hata mwisho. Utepe unaotoka, ambao kila siku tunausukumia jikoni kuwashia moto, ndio vinia yenyewe. Utakuwa umejiviringa, uutie unyevu, uupige pasi ndani ya karatasi unyooke, uupake gundi, na uufunge ukingoni kama ulivyofunga uso. Angalia tu randa isikutane na mawe: mvule huwa na chokaa iliyoganda ndani yake, ngumu kama changarawe, ambayo humeng'enya makali. Na funika pua kwa kitambaa unapoupiga msasa, kwani vumbi lake huwawasha watu ngozi na kifua.

Vinia ya mvule ikiwa mpya ina rangi ya manjano, nayo kwa mwanga wa miezi kadhaa hukolea kuwa kahawia, basi usishtuke kiraka kipya kikionekana mgeni, kitazoea. Kabla ya vanishi piga msasa mwororo kwa mkono mwepesi, ukikumbuka kwamba una nusu milimita tu ya kutumia. Na jamaa zangu wa Kasongo, kwa hisani yenu, msiisugue meza kwa mawese. Najua yanang'aa siku ya kwanza. Lakini mawese si mafuta ya kukauka, yatabaki ndani ya mbao yakichacha, yakinasa vumbi na kuwaalika mende. Kama vanishi haipatikani, nta ya nyuki iliyoyeyushwa na kusuguliwa kwa kitambaa ni bora mara mia.

Adui aliyebaki ni sufuria. Mwaka juzi shemeji yangu wa Kabambare, niliyemvikia meza ya wageni kwa mikono yangu, aliniletea habari kwa mtu wa baiskeli kwamba meza imeharibika nami nirudishe fedha au nirudi mwenyewe. Nilirudi mwenyewe. Nilipoingia alinikaribisha vizuri, akaninywesha maji, kisha akaondoa kitambaa cha meza na kunionyesha duara lililovimba, upana wa sufuria ya wali wa watu kumi na wawili.

"Shemeji," akasema, "meza yako imeota jipu."

Nilimwuliza kama alikuwa ameweka sufuria ikitoka motoni. Akasema kwamba meza isiyoweza kubeba wali si meza, na kwa kweli sikuwa na jawabu. Nikamwomba pasi yake na makaa kidogo. Joto lile lile lililoiamsha gundi ikaachia, lingeiamsha tena ikashika, kwa kuwa gundi ilikuwa ingali pale chini, yote, ikingoja; nikatandaza karatasi, nikapitisha pasi polepole juu ya duara, nami nikakilaza kipande cha mti juu yake na kukikalia, mtu mzima na ndevu zangu, mbele ya watoto wake waliokuwa wanacheka, hata joto likaniishia chini. Nilipoinuka akaigonga meza kwa ukucha kama nilivyomfundisha, akaisikiliza, akaigonga tena. Kisha akaniita jikoni nikamshushie sufuria, na safari hii akaiweka juu ya kata ya majani ya mgomba.